Bahati nasibu ya kuchangisha Uingereza: ya ukumbini, ya wanachama au ya kusajiliwa?

Kamati za jumuiya zetu huku Uingereza huwa na kikao kimoja kinachofanana kila mwaka, kile cha kujiandaa na sherehe za Desemba. Ukumbi umeshakodiwa, wapishi wa pilau wameshajigawia kazi, na ajenda iliyobaki ni pesa za madawati ya shule nyumbani. Hapo mtu mmoja husema, "Tuchezeshe bahati nasibu," na wote wanaafiki kabla hajafunga mdomo.

Sisi tuliafiki hivyo hivyo. Tukachapisha tiketi za rangi ya waridi, pauni 2 moja, tatu kwa pauni 5. Zawadi ya kwanza televisheni, ya pili mchele wa basmati kilo 20, ya tatu doti mbili za kanga. Wiki tatu kabla ya sherehe tukaanza kuziuza kwenye kundi la WhatsApp. Siku ya nne akanipigia mama mmoja wa jumuiya, mtu mzima, ambaye amefanya kazi za ofisi za halmashauri miaka mingi.

"Mwanangu, hii bahati nasibu mmeisajili?"

"Shikamoo mama. Tusajili nini tena? Si mchango tu?"

"Marahaba. Huo si mchango. Mchango haumpi mtu televisheni."

Jioni ile mimi na mweka hazina tulikaa na daftari, tukawarudishia watu pesa zao mmoja baada ya mwingine kwa benki, na kila mmoja tukamweleza kwa nini. Naandika haya ili kamati nyingine isifikie jioni kama ile. Njia halali zipo, nazo si ngumu, ila hazifanani. Na kinachozitenganisha si ukubwa wa zawadi, kama wengi wanavyodhani. Ni swali moja: tiketi inauzwa wapi, na kwa nani?

Maneno ya yule mama ndiyo sheria yenyewe. Kwa Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, inayotumika England, Wales na Scotland, mambo matatu yakikutana ni bahati nasibu: mtu amelipa, kuna zawadi, na mshindi anapatikana kwa bahati. Haijalishi kama pesa zinakwenda kwa yatima au kisimani. Kuichezesha nje ya njia zilizoruhusiwa ni kosa la jinai lenye adhabu ya faini au kifungo. Mtu binafsi haruhusiwi hata kidogo kuchezesha bahati nasibu ya kulipia kisha faida akaiweka mfukoni, kwa sababu uwanja huo umeachiwa vyama vya hisani, michezo, utamaduni na mambo mengine yasiyo ya faida binafsi, pamoja na Bahati Nasibu ya Taifa. (Walioko Belfast na kwingineko Ireland ya Kaskazini wana sheria yao tofauti. Wasitumie ulinganisho huu.)

Ya ukumbini na ya kusajiliwa

Kamati nyingi zitaishia kuchagua kati ya hizi mbili, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Ya ukumbini ni ile inayochezeshwa ndani ya shughuli nyingine: sherehe, chakula cha jioni, bonanza la mpira, maonyesho ya shule. Haihitaji kibali, usajili, ada wala ripoti. Unakwenda dukani, unanunua vile vijitabu vya tiketi zenye namba mbili zinazofanana. Moja unachana unampa mtu, ya pili unaitupia kwenye ndoo. Imetosha. Sharti lake kubwa ni kwamba tiketi ziuzwe palepale penye shughuli, na wakati shughuli inaendelea. Si jana yake, si kwa simu, si kwa binamu aliyeko Manchester aliyesema "niwekee tano nitakutumia." Droo yenyewe inaweza kuchezeshwa palepale au matokeo yakatangazwa baadaye. Zawadi isiyopata mtu haibebwi kwenda droo nyingine.

Kisha kuna viwango viwili vya pesa. Kutoka kwenye mauzo ya tiketi mnaweza kutoa si zaidi ya pauni 100 za gharama, kama uchapishaji au kukodi vifaa, na si zaidi ya pauni 500 za kununulia zawadi. Zawadi mlizopewa bure hazihesabiwi kwenye hiyo 500. Mwenye duka la vyakula akiwapa mchele, na fundi cherehani akiwapa gauni la kitenge, mnaweza kujaza meza nzima bila kugusa kiwango. Tangu 2016 shughuli yenyewe yaweza kuwa ya biashara, tuseme onyesho la taarabu lenye kiingilio, lakini pesa za bahati nasibu zote, baada ya makato hayo mawili, lazima ziende kwenye jambo jema lililotajwa.

Ya kusajiliwa inawafungulia mlango mpana zaidi. Chama kinajisajili kwa halmashauri ya mahali yalipo makao yake makuu, kinalipa pauni 40 mara ya kwanza na pauni 20 kila mwaka. Kwenye tovuti za halmashauri fomu hiyo iko chini ya jina "small society lottery". Si lazima muwe shirika la hisani lililosajiliwa. Jumuiya yenye katiba, viongozi na lengo lisilo la faida binafsi inaweza kuomba. Mkishasajiliwa, tiketi mnaweza kuziuza wiki nyingi kabla, kwa WhatsApp, mtandaoni, nyumba kwa nyumba, au kwenye duka la kinyozi aliyekubali kuziweka kaunta. Barabarani hapana: muuzaji asitembee mtaani au kwenye korido za jengo la maduka akiwasimamisha wapita njia, ingawa kibanda kinaruhusiwa. Muuzaji na mnunuzi wote wawe wametimiza miaka 16.

Hapa sasa vile vijitabu vya dukani havifai. Tiketi lazima ionyeshe jina la chama, bei, jina na anwani ya mwanachama anayewajibika, na tarehe ya droo. Ikiuzwa mtandaoni, iwe kitu ambacho mnunuzi anaweza kukihifadhi au kukichapisha. Na bei ni moja kwa kila tiketi. Ile "tatu kwa pauni 5" yetu ilikuwa kosa la pili, hata kama tungesajili. Nimeiona kwenye matangazo mengi ya jumuiya tangu wakati ule, na kila mara nawaandikia wenyewe faraghani wairekebishe mapema.

Mauzo ya droo moja yasizidi pauni 20,000, na ya mwaka mzima wa kalenda yasizidi pauni 250,000. Zawadi moja isizidi thamani ya pauni 25,000. Anayetaka kuvuka hapo anahitaji leseni ya Gambling Commission, tume inayosimamia kamari, na kwa jumuiya zetu sijaona haja hiyo. Kinachotuhusu zaidi ni asilimia 20: angalau sehemu hiyo ya mauzo iende kwenye lengo la chama. Zawadi na gharama zote pamoja zisile zaidi ya asilimia 80.

Tazama basi jinsi njia hizi mbili zinavyomlinda mchangiaji kwa namna tofauti. Ya ukumbini inahesabu kwa pauni, ya kusajiliwa inahesabu kwa asilimia. Mkiuza tiketi za pauni 1,000 ukumbini, makato hayawezi kuzidi 600, hivyo angalau 400 zinafika kwenye madawati. Mauzo hayo hayo kwa njia ya usajili yanaweza kihalali kuacha 200 tu. Mauzo yakifika 3,000, ya ukumbini inaacha angalau 2,400, ya kusajiliwa inaweza kuacha 600. Lakini mauzo yakiwa madogo mambo yanageuka: ukumbini mkiuza za pauni 500 tu na mmenunua zawadi za 500, sheria haijavunjwa, ila shule haijapata kitu. Ndiyo maana nasisitiza, kwa njia ya ukumbini ombeni zawadi. Msinunue.

Mfano ambao kamati yetu iliupigia hesabu mwaka uliofuata ulikuwa tiketi ya ndege ya kwenda Dar es Salaam, pauni 700. Kama shirika au wakala angeitoa bure, tungeweza kuichezesha ukumbini bila shida. Ya kununua haiwezekani, kwa sababu 700 imeshapita 500. Kwa njia ya usajili inawezekana, lakini piga hesabu: 700 za zawadi, 40 za ada, 60 za uchapishaji, jumla 800. Ili hizo 800 ziwe si zaidi ya asilimia 80, lazima muuze za pauni 1,000, yaani tiketi 500 za pauni 2. Mkiuza 300 tu, mna 600 mkononi, na kati yake 120 ni za shule lazima. Zinabaki 480 za kulipia gharama za 800. Zilizopungua mtazitoa wapi? Katika kikao chetu watu walinyamaza hapo, kisha Mwenyekiti akafuta ndege kwenye karatasi.

Na ripoti. Ya ukumbini haina. Ya kusajiliwa inawataka mpeleke kwa halmashauri, ndani ya miezi mitatu tangu droo, hesabu ya mauzo, zawadi, gharama na kilichokwenda kwenye lengo, ikisainiwa na wanachama wawili wenye miaka 18 au zaidi walioteuliwa kwa maandishi. Watu huiogopa karatasi hii. Mimi naiona ni rafiki wa mweka hazina. Manung'uniko ya "pesa za tiketi zilikwenda wapi" yameua jumuiya nyingi kuliko ugomvi wa kikabila, na hapa una hesabu iliyo mikononi mwa serikali ambayo mwanachama yeyote anaweza kuonyeshwa.

Ya wanachama, na ya kazini

Hii ni ya tatu, na ni nyembamba. Chama kinaweza kuwauzia tiketi wanachama wake na watu waliomo ndani ya majengo yake tu, bila kusajili popote. Tangazo halitakiwi kutoka nje ya majengo hayo. Bei ni moja, na tiketi inaeleza nani anayeruhusiwa kununua, nani anayeendesha na anwani yake, na kwamba haihamishwi kwa mtu mwingine. Tangu 2016 faida inaweza kwenda kwa chama chenyewe au kwa jambo lolote jema.

Kwa jumuiya inayokodi ukumbi mara mbili kwa mwaka njia hii haina maana, kwa kuwa jengo la kubandika tangazo hamna. Matawi nayo hayachanganywi: tawi la London na tawi la Birmingham kila moja huhesabiwa kuwa chama chake. Lakini klabu yenye nyumba yake inaweza kuitumia vizuri. Vivyo hivyo watu wanaofanya kazi katika jengo moja wana njia ndugu ya hii, na wenzetu ni wengi sana kwenye nyumba za kutunzia wazee na hospitali. Wahudumu wa jengo moja wakitaka kuchangia jambo jema, tiketi zikauzwa kwa wafanyakazi wa jengo hilo peke yao, wako salama. Wakimuuzia wa jengo la pili la mwajiri yule yule, hawako salama tena.

Droo ya bure na shindano

Kuna wanaotaka kuikwepa sheria kwa kuondoa moja ya yale mambo matatu, na kweli inawezekana. Ondoa malipo, ibaki droo ya bure. Ondoa bahati, ibaki shindano la maarifa. Zote mbili hazihitaji kibali, hazina kiwango cha mauzo wala asilimia 20.

Ugumu uko kwenye kuondoa kikweli. Kama watu wanaweza kulipa au kuingia bure kwa posta, basi hiyo njia ya posta iwe kwa bei ya kawaida ya stempu, ionekane wazi kwenye tangazo, na aliyeingia bure awe na nafasi sawa na aliyelipa. Shindano nalo lazima liwe gumu kiasi cha kuwazuia watu wengi wasishiriki au wasishinde. Ukiuliza "mji mkuu wa Tanzania ni upi, (a) Dodoma (b) Paris," umechezesha bahati nasibu haramu iliyovaa kanzu ya shindano.

Sizipendi njia hizi kwa jumuiya, nasema wazi. Watu wakinunua wakiamini wanaichangia shule, wanastahili uhakika kwamba kuna kiwango kinachofika shuleni. Njia ya usajili inawapa uhakika huo. Hizi haziwapi.

Kabla hamjachagua yoyote

Hesabuni pia ambao hawatanunua. Katika ukumbi wa Waswahili, Waislamu ni wengi, na wengi wao wataiweka bahati nasibu pamoja na kamari iliyokatazwa katika aya ya 90 ya Sura Al-Maida, hata kama lengo ni jema. Sheria ya nchi hii nayo imeiweka kwenye sheria ya kamari, kwa hiyo sioni busara kamati ikibishana nao mlangoni. Nimeshuhudia bibi mmoja akizungukwa na vijana watatu wenye vitabu vya tiketi, akitabasamu kwa heshima na kusukuma mkono wao pole pole. Alikuwa amekuja na noti ya pauni 50 kwa ajili ya shule, na aliondoka nayo, maana hakuna aliyemwonyesha kisanduku cha mchango wa kawaida.

Mnada na harambee haviguswi na sheria hii. Kwenye mnada anayetoa zaidi ndiye anayechukua, hakuna bahati. Kwenye harambee hakuna zawadi. Tena chama kinachotambuliwa na mamlaka ya kodi kuwa cha hisani hupata nyongeza ya Gift Aid, peni 25 kwa kila pauni 1 iliyotolewa na mlipa kodi aliyejaza tamko. Harambee ya pauni 500 ya walipa kodi inakuwa 625. Tiketi ya bahati nasibu haipati nyongeza hiyo, kwa sababu mnunuzi amenunua nafasi ya kushinda, hajatoa sadaka.

Na msiwauzie walioko nyumbani kwa kudhani usajili wa halmashauri ya huku unawafuata hadi huko. Tanzania ina sheria yake ya michezo ya kubahatisha ya 2003 na Bodi yake ya kuisimamia. Ndugu wa Tanga akitaka kuisaidia shule, apokelewe kama mchangiaji.

Kwa hiyo, kama mna sherehe moja, watu mia na zaidi ukumbini na zawadi mlizoombewa madukani, chezesheni ya ukumbini, uzeni tiketi baada ya milango kufunguliwa, na wekeni kisanduku cha mchango karibu na meza ya zawadi. Kama watu wenu wametawanyika miji mitano na sherehe haiwakusanyi, au mnataka kuuza kwa simu hata tiketi moja, lipeni pauni 40 na msajili kabla ya kuchapisha chochote. Kama wengi ukumbini hawatagusa bahati nasibu, fanyeni mnada, na zile doti za kanga zitapata bei nzuri kuliko mlivyodhani.

Mwaka uliofuata sisi tulisajili. Tiketi ilikuwa nyeupe, pauni 2, bila punguzo, na chini kabisa kwa herufi ndogo lilikuwepo jina langu na anwani yangu. Yule mama tulimwomba awe mmoja wa wasaini wawili wa ripoti. Alikuja na kalamu yake, akasoma kila mstari, akauliza risiti ya uchapishaji iko wapi, na alipoiona ndipo akasaini.